Theluji, pumzi ya udongo na hesabu ya mwaka mzima

Anayeutazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kutoka Moshi asubuhi ya Julai, mwenyewe amejifunga sweta, huiona theluji kuwa ndiyo baridi yenyewe. Kwa udongo wa misitu ya nchi za kaskazini, mambo ni kinyume. Theluji mpya sehemu yake kubwa ni hewa iliyonaswa, ambayo haipitishi joto kwa urahisi, hivyo udongo uliofunikwa vizuri huweza kubaki karibu na nyuzi 0 za Selsiasi ilhali hewa ya juu yake ina baridi kali zaidi. Aliyewahi kuvundika ndizi anaelewa: kilichofunikwa hutunza joto lake, na huku kinaendelea kupumua. Chini ya theluji wanaopumua ni bakteria na kuvu walao majani yaliyooza, na hewa ukaa wanayoitoa hupenya theluji hadi angani.

Ubishi kuhusu iwapo kupungua kwa theluji huusaidia msitu kutunza kaboni unaanzia kwenye msitu wa Niwot Ridge, Colorado, nchini Marekani, ulio juu ya mita 3,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba theluji inapokuwa haba udongo wa hapo hupoa zaidi, vijiumbe hulegea, na hewa ukaa inayotoka wakati wa baridi hupungua. Kwa hiyo wapo wanaoweza kusema kwamba joto la dunia, kwa kupunguza theluji ya milimani, linaufanya msitu utunze kaboni yake. Hoja hiyo isipuuzwe, kwa sababu imesimama juu ya vipimo.

Lakini vipimo hivyo vinahusu majira ya baridi pekee. Miti ya Niwot Ridge hunywa maji ya theluji iyeyukayo, na uchambuzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika miaka ya theluji kidogo, ingawa msimu wa kukua ulirefuka, msitu ulifyonza kaboni pungufu. Huko Hubbard Brook, New Hampshire, watafiti walipoiondoa theluji kwa makusudi, udongo uliganda, mizizi myembamba ikafa, na naitrojeni ikapotea pamoja na maji. Kaskazini zaidi, kwenye ardhi iliyoganda daima, makadirio ya mwaka 2019 yaliweka utoaji wa Oktoba hadi Aprili kwenye takriban tani bilioni 1.7 za kaboni kwa mwaka, dhidi ya bilioni 1 hivi inayofyonzwa wakati wa kukua. Kwa mizania hiyo naegemea upande wa wenye wasiwasi kwamba ongezeko la joto linapunguza kaboni inayotunzwa: nafuu ya Niwot Ridge ni ya kweli, ila ni ndogo na ni ya mahali pake.

Kwetu namba hizi hazihamishiki. Barafu ya Kibo imekaa juu ya mawe, mbali juu ya ukanda wa msitu, na udongo wa msitu huo hupumua mwaka mzima. Hata hivyo sisi nasi tunao msimu wetu unaosahaulika. Mtafiti wa udongo H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka unavyoozesha mboji kwa kasi mara unapoloweshwa. Anayetaka kukadiria kaboni ya misitu ya Kilimanjaro au Meru kwa ajili ya biashara ya hewa ukaa, akapima udongo wakati wa kiangazi pekee, atakuwa ameziacha nje siku za mvua za kwanza, ambazo huenda ndizo zenye pumzi kubwa kuliko zote.