Gari za umeme Unguja: tuwekeeni soketi pale gari zinapokaa

Kila yakija mazungumzo ya gari za umeme hapa kwetu, watu wanauliza lini tutajengewa kituo kikubwa cha kuchajia kama sheli, uingie, dakika ishirini ushatoka. Mimi naona tunaomba kitu sicho.

Hebu tazama kisiwa chenyewe. Mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60, gari ndogo ya umeme inakwenda kilomita 6 hivi kwa yuniti moja ya umeme, kwa hiyo kwenda na kurudi ni yuniti 20. Soketi ya kawaida ya ukutani, hii hii tunayochomekea pasi, inatoa kama kilowati 3, yaani yuniti 3 kwa saa, basi gari ikichomekwa asubuhi mtu anapoingia kazini mpaka anatoka saa tisa na nusu, safari nzima ya Nungwi ishapatikana. Sasa haraka ya nini?

Shida ni kwamba soketi hazipo pale gari zinapokaa. Shemeji yangu ana Nissan Leaf, anakaa ghorofa ya juu kwenye mabloki ya Michenzani, waya anauteremsha dirishani unapita madirisha ya majirani mpaka chini wanapocheza watoto, mvua ya masika ikinyesha maji yanasimama pale pale ilipo ekstensheni, na ekstensheni yenyewe ukiishika baada ya muda ni ya moto, plastiki ishaanza kugeuka rangi. Jamani hii itaunguza nyumba za watu! Mji Mkongwe ndo usiseme, gari haifiki hata mlangoni. Siku moja shemeji kaenda shamba, nje ya mji, hoteli ya huko ina chaja nzuri tu, akaambiwa ni ya wageni wao, na pesa anayo mkononi. Iliniuma sana.

Na hicho kituo kikubwa kikija kitakuwa na plagi gani? Gari zetu nyingi ni mtumba wa Japani, na za umeme za huko zinachaji haraka kwa plagi inayoitwa CHAdeMO, za China zina GB/T, za Ulaya CCS, ukifunga aina moja wengine wanabaki kutazama. Halafu chaja moja ya kilowati 50 inavuta umeme wa soketi 16, kwa gari moja tu kwa wakati, na umeme wetu wenyewe unavuka bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Aliyekuwepo ile miezi mitatu ya giza umeme huo ulipokatika, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo mimi naomba soketi, nyingi, zilizofungwa na fundi anayejua kazi, zenye kifuniko cha mvua na mita yake kila mtu alipe anachotumia. Ziwekwe Malindi wanapoacha gari wanaovuka kwenda Dar, Mnazi Mmoja hospitali, kwenye maofisi ya serikali. Lakini Michenzani kwanza, chini ya mabloki, na wafunge kabla ya masika.