AMCOS tunajaa, mkutano wa kijiji "mtanisimulia"

Hapa Tabora, mkulima wa tumbaku wa Uyui, Urambo au Sikonge hakosi mkutano wa AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika. Siku ya kusomewa makato ya pembejeo, hata mgonjwa atapakiwa kwenye baiskeli. Mtendaji akitangaza mkutano mkuu wa kijiji, utasikia: "Nendeni tu, mtanisimulia."

Kwangu mimi huko ni kujiroga wenyewe. Kwenye AMCOS unatetea fedha za msimu mmoja. Kwenye mkutano wa kijiji unatetea shamba lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza. Na mjumbe wa mkutano huo hachaguliwi. Ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mama ntilie na mchunga ng'ombe wamo. Eneo la malisho likishapewa mtu na muhtasari wenye sahihi za wachache umefika wilayani, kulalamika kwamba tumeuzwa ni kazi bure. Siku ile ulikuwa wapi?

Visingizio navijua, na kimoja nakikubali. Wapo viongozi wanaoitisha mkutano majani ya tumbaku yakiwa kwenye bani, banda la kukaushia, moto hauachiki, na tangazo lenyewe limetoka jana jioni. (Wengine nadhani hupanga hivyo makusudi.) Lakini mkutano huo unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Usipoitishwa, nani kati yetu amewahi kwenda ofisini kuuliza?

Tabora ndiyo ingepaswa kuwafundisha wengine. Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikutana hapa kujadili kura tatu: mpiga kura alazimike kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena kwa masharti ya kipato na elimu yaliyowafungia nje Waafrika wengi. Wajumbe wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, wakaingia, na TANU ikashinda. Wale walishiriki uchaguzi uliotengenezwa ili wasishinde. Sisi hatuulizwi kipato wala cheti, na bado tunasingizia jua kali.

Mkiitwa tena, kabla ya ajenda yoyote, dai muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwa sauti, pamoja na orodha ya mahudhurio. Sikiliza kama jina lako limo, hasa kama siku ile hukwenda.