Andikeni majina ya mgambo wa Kagera wangali hai

Majuzi tulimzika baba mkubwa. Wasifu wa marehemu ulisomwa ukurasa mzima: alikozaliwa, darasa aliloishia, mibuni aliyopanda, uzee wake wa kanisa, watoto na wajukuu aliowaacha. Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Iddi Amin, vilipata nusu ya sentensi. "Pia alishiriki vita mwaka 1978." Msomaji akameza mate, akaendelea na ratiba. Kijana mmoja nyuma yangu akauliza kama jeshi litaleta askari wa kumpigia saluti. Mtu mzima, mwenye mvi, akamjibu: "Saluti ya nini? Huyu hakuwa mwanajeshi, alikuwa mgambo."

Sijalala vizuri tangu nisikie jibu lile.

Mwalimu Nyerere aliposimama Novemba 1978 kututangazia kwamba uwezo wa kumpiga Iddi Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, jeshi letu lilikuwa na askari wasiozidi elfu arobaini. Miezi michache baadaye walikuwa zaidi ya laki moja. Hao waliozidi hawakushuka kutoka mbinguni. Walitoka Jeshi la Magereza, polisi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na maelfu kwa maelfu walitoka vijijini, wakiwa mgambo waliojifunza kwata kwenye viwanja vya shule. Baba mkubwa aliitwa akiwa shambani. Wala hakuwa peke yake pale kijijini. Waliondoka wengi, na wengine hawakurudi.

Walitembea. Watu wanasahau jambo hilo. Kutoka mpakani Mutukula hadi Masaka, kutoka Masaka hadi Lukaya ambako walikutana na Walibya waliotumwa kumsaidia Amin, na kutoka hapo hadi Kampala iliyoanguka Aprili 11, 1979, sehemu kubwa ya jeshi lile ilikwenda kwa miguu, kwenye mvua na matope, silaha na chakula mgongoni. Na Kampala haikuwa mwisho. Waliendelea kaskazini hadi mpaka wa Sudan, ambako walifika Juni. Mguu wa kushoto wa baba mkubwa ulikuwa na vidonda ambavyo havikupona hadi anaingia kaburini. Hakupigwa risasi. Ni buti na maji tu.

Mguu wenyewe ulikuwa nafuu. Radi zikipiga, alitoka kitandani akaenda kukaa nje chini ya upenu, kimya, mpaka mvua iishe. Hakukubali mtu amguse akiwa usingizini, na sisi watoto tulifundishwa kumwamsha kwa kumwita jina tukiwa mlangoni. Tulidhani ni tabia za wazee. Mama mkubwa ndiye aliyejua, na hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu angemwambia nani? Zahanati ilikuwa na dawa ya malaria na ya minyoo. Na huyo mama, wakati mumewe yuko Uganda, alilea watoto peke yake, na baada ya vita akapambana na miaka ile ya kukosa sabuni, sukari na hata kanga ya kujifunga. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Wanaokumbuka wanajua kwamba mikanda haikufunguliwa baada ya miezi 18.

Vita vilipokwisha, wengi wa mgambo walirudishwa makwao. Shukrani, mkono wa kwaheri, jembe. Wengine wana nishani, wengine wana cheti kilicholiwa na mchwa, wengine hawana chochote isipokuwa maneno yao wenyewe. Kila mara baba mkubwa alipothubutu kuuliza kitu katika ofisi moja na nyingine, swali lilikuwa lile lile: mzee, una karatasi? Hakuwa nayo. Nyumba yao iliungua miaka ya themanini. Mwishowe akaacha kuuliza, na alipoacha kuuliza, akaacha pia kusimulia.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana nchi hii imewahi kuona jambo hili likitokea, tena kwa watu wengi zaidi.

Kariakoo tunayokwenda kununua vitambaa imepata jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Wanaume walikamatwa vijijini, wakabebeshwa risasi na unga kuvuka Tanganyika nzima kuwafuata Wajerumani. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye aliwabebesha wa kwake. Walikufa zaidi kwa kuhara, kwa vichomi, kwa malaria na kwa unga mbovu usioiva, kuliko kwa risasi. Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake inakaribia laki moja, na wanaojua wanasema rasmi ni pungufu. Majina yao yako wapi? Hayapo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Ripoti hiyo inaeleza jambo ambalo kila Mtanzania anapaswa kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Wala hakutaka kufikiria hesabu ya Waafrika waliokufa. Makaburi yakaachwa. Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927, na ni nzuri, nami huwa nasimama kuitazama. Lakini ni askari mmoja wa shaba asiye na jina, amesimama badala ya maelfu ambao kila mmoja alikuwa na jina, na mama aliyempa jina hilo. Wapagazi walipokuwa hai hawakuandikwa vizuri, na kwa hiyo walipokufa mishahara ya wengi haikuwafikia warithi, maana warithi wa asiyeandikwa hawatafutiki.

Byatt alikuwa mtawala wa kigeni. Huyu aliyesema "alikuwa mgambo" ni wa ukoo wetu.

Najua nitaambiwa serikali inajali. Sawa, inajali kwa sehemu. Kaboya, kule Muleba, makaburi ya mashujaa wetu yanatunzwa. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi wanaweka mkuki, ngao na mashada. Vijana wetu waliouawa wakilinda amani Darfur, Sudan, mwaka 2013 na wale wa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, walipokelewa kwa heshima na taifa likalia nao. Ilistahili. Askari wa kudumu wana pensheni, ingawa ukiongea nao watakuambia yao. Sipingi hata kimoja. Lakini vyote hivyo vinamfikia yule ambaye jina lake liko kwenye daftari. Mimi namzungumzia ambaye jina lake halimo.

Wapo pia wanaosema vita ni kazi kama kazi nyingine, walichagua wenyewe. Mkulima aliyeitwa na katibu kata akiwa ameshika panga la kupalilia migomba hakuchagua.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati Kagera inavamiwa alizaliwa 1958. Piga hesabu mwenyewe. Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Kila serikali ya kijiji iitishe mkutano mmoja, iandike: nani aliitwa mgambo 1978 na 1979, alikuwa kikosi gani, aliishia wapi, nani hakurudi. Nakala moja ibaki kijijini, moja iende wilayani, moja makao makuu ya jeshi. Wajane waandikwe pia. Wajukuu wenye simu wawarekodi babu zao wakisimulia, jioni moja inatosha kuanza. Fidia, matibabu na saluti tutavijadili baadaye, tukiwa na orodha mkononi.

Nimeshaliwasilisha hili kwa mwenyekiti wa kijiji chetu. Hofu yake ilikuwa kwamba watajitokeza waongo wanaotafuta hela. Watajitokeza, sikatai. Ila wazee waliolala handaki moja wanajuana. Katika mazungumzo hayo hayo, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni alitaja watu saba wa kijiji chetu walioondoka na lori moja, akataja na mahali kila mmoja alipokaa. Baba mkubwa alikaa nyuma, karibu na mlango. Nimeyaandika majina yote saba, na wa kwao wamethibitisha matano.