Mwaka 2100 si mwisho wa hesabu

Karibu kila mchoro wa tabianchi niliowahi kuutazama unaishia mahali pamoja: mwaka 2100. Mstari mwekundu unapanda, unapanda, kisha unakatika. Kwa muda mrefu hilo halikunisumbua. Sasa linanikera, tena sana. Mtoto anayezaliwa leo, Mungu akimjalia umri, ataufikia mwaka huo akiwa na miaka sabini na kitu, na bahari itakuwa ndiyo kwanza imeanza safari yake ya kupanda. Tumezoea kupima hatima ya sayari nzima kwa maisha ya mtu mmoja, ilhali tunayoyaamua ndani ya miongo michache yanapanga mambo ya maelfu ya miaka.

Chukua mtungi uliojaa maji. Uinamishe kidogo, uuachie, unarudi kusimama. Uinamishe zaidi, unayumba, lakini bado unarudi. Ipo pembe moja ambayo ukiipita huhitaji tena kuusukuma, maana uzito wake wenyewe unauangusha. Na maji yakimwagika hayazoleki. Wanasayansi wanapozungumzia vizingiti vya tabianchi wanamaanisha pembe hiyo: mahali ambapo sehemu ya dunia inaacha kungoja msukumo wetu na kuanza kujisukuma yenyewe.

Itazame barafu ya Greenland kwa karibu. Katikati yake ina unene unaopita kilomita 3, na huko juu baridi ni kali kwa sababu ileile inayofanya kilele cha mlima kiwe baridi: urefu. Kiangazi kikifika, pembezoni mwake theluji inalainika na kuwa ya kijivu. Vinatokea vidimbwi vya rangi ya buluu, kisha vijito vinavyochonga njia juu ya barafu hadi vikutane na ufa, na maji yanatumbukia chini mpaka kwenye mwamba. Theluji mpya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini vile vidimbwi huufyonza. Kwa hiyo kila palipoyeyuka panakaribisha joto zaidi. Kisha kuna lile la urefu: barafu ikipungua kimo, uso wake unashuka kwenye hewa yenye joto, unayeyuka zaidi, unashuka zaidi. Ikishafika mbali, hata joto la dunia likirudi lilivyokuwa zamani, barafu ile hairudi kirahisi, kwa sababu kimo kilichokuwa kikiilinda hakipo tena.

Ikiisha yote, bahari zitapanda kwa takriban mita 7. Kazi hiyo itachukua maelfu ya miaka. Lakini uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2022 uliweka kizingiti chake karibu na ongezeko la nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya joto la dunia la kabla ya enzi ya viwanda, na kwamba kinaweza hata kuwa chini ya hapo. Mwaka 2024 peke yake ulifika takriban 1.55. Ongezeko hilo hupimwa kwa wastani wa miaka ishirini hivi, si kwa mwaka mmoja, hilo ni kweli. Ila mimi siwezi kuisoma namba hiyo nikalala vizuri.

Si barafu tu. Msitu wa Amazon hujinyeshea sehemu kubwa ya mvua yake: miti huvuta maji ardhini, huyatoa kama mvuke, nao hunyesha tena mbele zaidi. Mwaka 2018 wanasayansi Thomas Lovejoy na Carlos Nobre walionya kwamba ukikatwa kufikia asilimia 20 hadi 25, mzunguko huo unaweza kukatika na sehemu kubwa ikageuka mbuga ya nyasi. Matumbawe ya bahari za joto yana hali mbaya kuliko yote. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilikadiria mwaka huohuo kwamba kwa nyuzi 1.5 yatapotea asilimia 70 hadi 90, na kwa nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99.

Kuna wanaosema dunia imeshapita makubwa kuliko haya na itajiponya. Nakubaliana nao, na ndiyo maana naogopa. Miaka kama milioni 56 iliyopita kaboni nyingi iliingia hewani na joto likapanda kwa nyuzi 5 hadi 8. Dunia ilijiponya kweli: mvua ikala miamba pole pole, mito ikaibeba kaboni hadi baharini, ikazikwa sakafuni. Ilichukua zaidi ya miaka 100,000. Kilimo chote cha binadamu, tangu mbegu ya kwanza kufukiwa kwa makusudi, hakina hata miaka 15,000. Sayari ina muda wa kungoja uponyaji wa namna hiyo. Sisi hatuna.

Wengine wanasema tumeshachelewa, basi yaishe. Hawa nao siwakubali. Vizingiti ni vingi, kila kimoja na kiwango chake, na kuvuka kimoja si kuvivuka vyote. Barafu kubwa nazo ni nzito kuamka: joto likizidi kwa muda kisha likashushwa mapema, huenda zikanusurika.

Juzi nilichukua karatasi ndefu nikachora mwenyewe. Sentimita 10 kwa kila miaka 100, sentimita 1 kwa kila mita ya bahari. Namba nilizitoa kwenye ripoti ya IPCC ya mwaka 2021, inayotazama miaka 2,000 ijayo: mita 2 hadi 3 tukibaki kwenye nyuzi 1.5, mita 19 hadi 22 tukifika nyuzi 5. Karatasi ikamaliza meza, ikaning'inia, ikabidi niitandaze sakafuni, mita 2 nzima. Mwishoni mwake mstari mmoja uko sentimita mbili tatu juu ya ukingo wa chini, mwingine uko kwenye sentimita 20. Mwanzoni, pale panapoishia michoro yote tunayoonyeshwa, mistari hiyo miwili imekaribiana kiasi kwamba kalamu yangu ya risasi iliigusanisha.