Kongosho Haliangalii Rangi ya Sukari

Mtu akishaambiwa ana kisukari, wiki haiishi kabla jirani hajamletea asali. "Achana na sukari ya dukani, hii ni ya asili." Mwingine atakuja na sukari guru. Nia ni njema, ila ushauri huo unanikera, maana unamwacha mgonjwa aendelee na chai ileile, tamu vilevile, akidhani keshaanza kujitibu.

Hebu tupime. Kijiko cha chai cha sukari nyeupe, kisichojazwa kilima, ni gramu 4 hivi. Kijiko hichohicho cha asali kina uzito wa gramu 7, na karibu 6 kati ya hizo ni glukosi na fruktosi, yaani sukari tupu. Kinachobaki zaidi ni maji. Ni kweli asali ina utamu mkali, kwa hiyo mtu angeweza kutia kidogo. Lakini nani anatia kidogo akishaambiwa ni dawa? Sukari guru nayo ni maji ya muwa yaliyochemshwa yakaganda. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini ya kushusha sukari ya damu, haliangalii rangi.

Fruktosi iliwahi kusifiwa kwa wenye kisukari kwa kuwa haipandishi sukari ya damu haraka. Tatizo ni kwamba mzigo wake mkubwa hubebwa na ini. Ikizidi hugeuzwa mafuta, na asidi ya yuriki huongezeka, kitu ambacho watafiti wanakihusisha na presha. Fruktosi imo kwenye sukari ya soda na kwenye matunda pia, ila hapo mimi naanza na soda, si na maembe. Soda yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 inakupa gramu 50 kwenye chupa ya nusu lita. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2015, linasema ikiwezekana tusizidishe gramu 25 hivi kwa siku, na humo asali na juisi zimehesabiwa.

Na hizi soda za zero, zilizotiwa vitamu badala ya sukari? Mwaka 2023 shirika hilohilo lilishauri vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kupunguza uzito. Ujumbe ukasambaa WhatsApp kama moto, bila ule mstari unaosema ushauri huo hauwahusu wenye kisukari tayari. Kwangu mimi, aliyeshindwa kabisa kuacha soda, heri anywe ya zero, ingawa maji yanazishinda zote. Stivia, kitamu kinachotokana na majani ya mmea, ni sawa, ila geuza pakiti usome maandishi madogo: nyingine zimechanganywa na dekstrosi, ambayo ni glukosi tu. Biskuti "zisizo na sukari" ndiyo kichekesho, maana unga wa ngano umo palepale, nao ukifika tumboni hugeuka glukosi.

Anayechoma insulini asikate utamu wote kwa mpigo bila kuongea na daktari wake. Sukari ikishuka akaanza kutetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, soda ya zero haimsaidii kitu. Mpeni sukari yenyewe, upesi.