Samaki wa kuchemsha si chakula cha mgonjwa

Kikao cha kamati ya harusi, Ipagala hapa Dodoma, tumefika kwenye ajenda ya chakula. Mama mmoja, mtu mzima, akaomba kwa upole kwamba pamoja na kuku na nyama kuwe na samaki wa kuchemsha, kwa ajili ya wazee waliokatazwa mafuta. Mwenyekiti hakumwacha amalize: "Mama, hatualiki wagonjwa, tunaalika wageni." Watu wakacheka, ajenda ikapita. Haukupita muda, kijana wa mapambo akaanza kupitisha simu yake: video ya mpishi wa Marekani akiivisha samaki aitwaye halibut kwenye mvinyo mweupe, majani ya viungo na vipande vya limau, taratibu, bila kukaanga chochote. Watu walewale wakaisifia. Mwenyekiti mwenyewe akasema hicho ndicho chakula cha hoteli.

Hasira ile sijaimaliza hadi leo. Mama wa watu alinyamaza kikao kizima, na alichokiomba ndicho hichohicho walichokuwa wanakishangilia kwenye simu.

Halibut ni samaki wa maji baridi, wa Atlantiki ya kaskazini na Pasifiki ya kaskazini. Ni bapa, macho yake yote mawili yako upande mmoja wa kichwa, na yule wa Atlantiki anaweza kupita kilo 200. Nyama yake ni nyeupe, nene, ina mafuta kidogo, kwa hiyo akipelekwa kwenye moto mkali anakauka upesi. Ndiyo maana wenzetu wanamwivisha kwa kumtuliza ndani ya mchuzi wa moto. Sasa tuulizane: ni samaki gani mwenye nyama nyeupe, nene, inayotoka minofu mikubwa, anayeletwa Dodoma na magari ya barafu kutoka Mwanza? Sangara. Minofu yake inasafirishwa hadi Ulaya, na huko wanaipika kwa heshima. Sisi tunamkaanga mpaka anakuwa mgumu, halafu tunamuunga kwenye nyanya ili alainike upya. Mafuta yameteketea, mkaa umeteketea, na ladha ya samaki mwenyewe haipo.

Najua nitajibiwa kwamba mchemsho tunao, upo kila kona ya mji. Upo, na mimi ni mlaji wake. Lakini mchemsho wa sehemu nyingi ndio uliowafanya watu waamini samaki wa kuchemsha hana utamu. Viazi, ndizi, karoti, hoho na samaki vinaingia sufuriani kwa pamoja, moto unachochewa mpaka mfuniko unarukaruka. Kiazi kinataka dakika 20 au zaidi. Kipande cha sangara chenye unene wa sentimita 2.5 kinataka dakika 8 hadi 10 tu, tena kwa moto wa chini. Kiazi kinapoiva, samaki alishaiva zamani: amesambaratika, nyuzi zake zimekakamaa, na kilichobaki kwenye sahani ni mifupa ya kuchokonoa.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize vizuri. Mamlaka za chakula za Marekani zinashauri mnofu wa samaki ufike nyuzi joto 63 ndani yake. Basi, ameiva na ni salama. Dodoma tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, chini ya yale ya Dar es Salaam, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa samaki. Mchuzi unaomfaa uko kati ya nyuzi 70 na 80. Hakuna haja ya kipimajoto. Mvuke unapanda, vipovu vidogo vinaonekana pembeni mwa sufuria, uso wa mchuzi unatikisika bila kufurika. Ukiona unachemka kwa fujo, umeshazidisha.

Jiko la gesi linapunguzwa kwa kidole. Jiko la mkaa nalo lina njia yake, ambayo bibi zetu waliitumia kwa maharage: funika makaa kwa majivu. Au fanya hivi, maana ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote: mchuzi uchemke vizuri kwanza, mwingi wa kufunika samaki, laza vipande kwenye sufuria pana visipandane, funika, epua. Uache hapohapo utulie. Joto lililobaki litamaliza kazi. Chomeka ncha ya kisu pale palipo nene zaidi. Nyama ikiachana kwa mapande na katikati pamekuwa peupe kabisa, pakua. Kipande kinene kikiwa bado, rudisha jikoni dakika chache. Sato mzima ni tofauti kidogo: mwanzishe kwenye mchuzi wa uvuguvugu umpandishe naye polepole, la sivyo ngozi itapasuka kabla ya nyama ya mgongoni kuiva.

Na mchuzi wenyewe usiwe maji na chumvi. Kichwa na mifupa, kitunguu, tangawizi, saumu, pilipili manga nzima, mchaichai kama upo. Dakika 20, chuja. Kisha uchachu, na kwenye uchachu mkoa huu hautakiwi kumwonea mtu wivu. Mikwaju imejaa kuanzia hapa mpaka Singida. Unga wa ubuyu tunaoutia kwenye uji unachachua mchuzi na kuupa uzito kidogo, ila utie mwishoni. Zabibu mbichi, zile za kijani ambazo hazijapata sukari, ukizikamua unapata maji makali ambayo Wafaransa na Wairani wanayapikia tangu kale. Sisi tunalima zabibu tangu wamisionari wa Bihawana, na ni nyumba chache zimewahi kuyajaribu. Mvinyo mweupe mkavu wa hapahapa Dodoma nao unafaa, uchemke kwanza kabla ya samaki. Kwa nyumba isiyotumia kilevi, acheni kabisa, maana hakiishi chote kwenye moto. Tumieni ukwaju.

Uchachu una kazi nyingine zaidi ya ladha. Ile harufu ya tope inayowakimbiza watu kutoka kwa samaki wa bwawani hutokana hasa na geosmini, kitu kinachotengenezwa na vijidudu vya majini, na kinavunjika kikikutana na uchachu. Perege wa Mtera aliyekaa kwenye maji ya ukwaju kidogo kabla ya kupikwa ni samaki mwingine kabisa.

Nazi sina ugomvi nayo.

Kukaanga nakukubali mahali pamoja. Akina mama wanaouza samaki kando ya barabara ya Iringa pale Mtera hawana friji, na jua lile halina huruma. Samaki aliyekaangwa akakauka anafika mjini salama, na abiria anamla ndani ya basi bila sahani. Hiyo ni akili ya kazi na naiheshimu. Lakini mwenye jiko la gesi na friji pale mtaa wa Kisasa, sangara wake bado ana barafu, hana sababu hiyo. Anakaanga kwa mazoea, na kwa kuogopa wageni watasema nini. Kambale simuingizi humu, yeye moshi unampendeza zaidi.

Mchuzi ukibaki msiumwage, jamani. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Uchuje, uweke kwenye friji, kesho yake uutie karanga za kusaga uuchemshe tena mpaka uwe mzito, ule na ugali wa uwele. Usiupitishe siku 2.