Mwanafunzi akinyamaza, apigiwe simu

Vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020, wanafunzi walibeba mabegi wakarudi makwao, na masomo yakahamia kwenye simu. Vyuo vilifunguliwa, lakini masomo ya mtandaoni hayakuondoka. Kilichosahaulika ni malezi: kumwangalia mwanafunzi anayeelemewa moyoni akisomea nyumbani. Chuo kikishatuma bango lenye barua pepe ya mshauri nasaha, huona kimemaliza. Kwangu mimi, kazi inaanza kwa mhadhiri na orodha yake ya mahudhurio.

Anayezama chumbani kwao hapigi kelele. Anakosa kipindi, anakosa kuwasilisha kazi, kisha anaacha hata kufungua ujumbe wa kikundi cha WhatsApp. Hosteli, mwenzake wa chumba angeona kwamba hapati usingizi wala hagusi chakula. Mtandaoni, wa kuona ni mwenye orodha. Asiyeonekana vipindi viwili mfululizo apigiwe simu wiki hiyo hiyo. Simu, si barua pepe, maana aliyeshindwa kuamka kitandani hafungui barua pepe.

Simu yenyewe ina adabu yake. Swali la kwanza: "Uko mahali unapoweza kuzungumza?" Chumba wanalala watatu na mama yuko sebuleni, hapo lazima aseme yuko sawa. Kama hawezi kutoka nje, uliza ya kujibiwa ndiyo au hapana. Jana ulilala? Umekula? Wiki hii umewahi kufikiria kujiua? Hili la mwisho watu huliogopa wakidhani litamtia wazo. Halimtii wazo, linampa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, usikate simu. Uliza kama ameshapanga namna, na nyumbani anamwamini nani. Mwombe umpigie huyo, ili dawa za shambani na vidonge vifungiwe na asiachwe peke yake. Akikataa na hatari iko, piga hata hivyo, ila mwambie kwamba unapiga. Mpe pia 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Na mwondolee hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Kuna madhara mengine ambayo chuo chenyewe husababisha. Kazi ikidaiwa saa sita usiku, na bando la bei nafuu ni la usiku, mwanafunzi atakesha, na kukesha mwezi mzima humvunja hata aliyeanza muhula akiwa mzima. Kazi zipokewe mwisho saa kumi na moja jioni. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kula MB 500 na zaidi. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde haifiki MB 15, na ataisikiliza akipata utulivu. Wala asilazimishwe kuwasha kamera. Nyuma yake kuna kitanda wanachogawana na ndugu zake na nguo zilizoanikwa kwenye kamba, na kuliko darasa zima lione hayo, ataona heri asiingie kabisa.